Fundi wa Gesi Amebisha Hodi: Angalia Haya Kabla Hujaweka PIN



Simu iliingia kwenye dawati letu la huduma kwa wateja Jumanne moja, hata saa mbili na nusu asubuhi haijafika. Ilikuwa ya mama mmoja wa Uriri, anakaa karibu na barabara kuu ya kutoka Rongo kwenda Migori. Alikuwa na swali moja tu: "Mtoto wangu, pesa niliyotuma jana inaweza kurudi?"

Alikuwa ametuma shilingi 1,500. Vijana wawili walifika kwenye ploti yao mchana, wamevaa zile koti za kung'aa, wakasema wametumwa na kampuni ya gesi kufanya ukaguzi wa lazima wa kila mwaka. Wakaingia jikoni, wakachomoa regulata, wakaigeuzageuza, wakatikisa kichwa. "Mama, hii imeisha muda. Ungelipukiwa." Wakatoa nyingine kwenye begi, wakaifunga, wakaomba pesa itumwe kwa namba ya simu ya mtu binafsi kwa sababu eti till ya ofisi ilikuwa na shida siku hiyo. Jina lililotokea kwenye simu halikufanana na kampuni yoyote ya gesi. Aliliona. Lakini wageni wamesimama mlangoni, sufuria inangoja, mtoto analia, na akaweka PIN.

Tukamweleza hatua za kufuata, tutazieleza hapa chini. Mazungumzo yalikuwa yanaisha ndipo akaongeza, kama mtu anayetaja kitu kidogo tu: "Na usiku nimesikia harufu, nikafunga mtungi nikatoa watoto nje."

Kwa kweli hilo la mwisho lilitushtua kuliko la kwanza. Shilingi 1,500 ni pesa, hatubishi. Lakini mtungi unaovuja usiku kwenye nyumba ya mabati yenye watoto wanaolala ni jambo lingine kabisa. Sisi ni watu wa malipo, si mafundi wa gesi. Hata hivyo gesi nyingi siku hizi inanunuliwa kwa simu, na fundi analipwa kwa simu, kwa hivyo tumeona tuandike mambo haya mawili pamoja: usalama wa jiko lako na usalama wa pesa yako.

Nani anakagua nini?

Tuanze na lile neno "lazima". Nchini Kenya, mambo ya gesi ya kupikia yanasimamiwa na EPRA, yaani Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli. Kazi yao ni kutoa leseni kwa wanaojaza mitungi, wanaosafirisha na wanaouza, na kuwafuatilia hao. Hawatumi vijana kupita ploti kwa ploti wakikusanya pesa ya ukaguzi jikoni mwako. Kampuni ya gesi nayo ikituma mtu kwako, kwa kawaida ni kwa sababu wewe ndiye uliyeita kwanza. Kwa hivyo mtu akija bila kuitwa, hata awe na koti zuri na kitambulisho kinachoning'inia shingoni, mwambie ungoje nje kidogo, kisha upige simu kwa duka uliponunua mtungi wako. Namba ya duka itoke kwako: kwenye SMS ya malipo, kwenye risiti au kwenye ukuta wa duka. Isiwe ile anayokupa yeye, maana atakayepokea anaweza kuwa mwenzake aliye kwenye boda pale barabarani.

Fundi wa kweli hakasiriki ukimwambia ungoje. Wa uongo ndiye ana haraka.

Kwa nini gesi haina msamaha

Gesi tunayopikia ni mchanganyiko wa propani na butani uliobanwa mpaka ukawa kimiminika. Ukitikisa mtungi unasikia kitu kinacheza ndani kama maji, na hiyo ndiyo gesi yenyewe. Ikitoka nje inapanuka mara nyingi sana, karibu mara 250 ya ujazo wake wa kimiminika. Ndiyo maana tundu dogo, hata la upana wa sindano, linaweza kujaza chumba.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui ni kwamba gesi hii ni nzito kuliko hewa. Haipandi juu ikatoka kwenye nafasi ya mabati kama moshi wa kuni. Inashuka. Inatambaa sakafuni, inaingia chini ya kitanda, inakaa kwenye shimo au mtaro, na inangoja cheche. Kwa hivyo kufungua dirisha la juu peke yake hakutoshi. Mlango ndio unaoitoa, kwa sababu mlango unafika chini.

Yenyewe haina harufu. Ile harufu mbaya, kama yai viza au kabichi iliyooza, huongezwa makusudi ili pua yako ikuonye. Ukiisikia usiku, fanya kama yule mama wa Uriri: funga vali ya mtungi, fungua mlango, toa watu nje. Usiwashe taa. Na kama taa ilikuwa inawaka, usiizime pia, kwa sababu swichi hutoa cheche kidogo ukiwasha na ukizima. Kiberiti, koroboi na jiko la makaa viwe mbali. Simu nayo ipigwe ukiwa nje, hatua kadhaa kutoka nyumbani. Ukihitaji msaada wa dharura ni 999 au 112.

Na moto ukiwa tayari umeshika kwenye paipu au kwenye mdomo wa mtungi? Kama unaweza kufikia vali bila kujichoma, ifunge. Wengine hutumia taulo nzito iliyoloweshwa maji kukinga mkono. Kama huwezi kuifikia, acha sufuria, acha kila kitu, toka na watu wako na uwaite majirani watoke pia. Nyumba inajengwa tena.

Kilichotokea Embakasi

Wengi tunakumbuka usiku wa tarehe 1 Februari 2024, mtaa wa Mradi, Embakasi, Nairobi. Lori lililobeba gesi lililipuka kwenye kituo cha kujazia kilichokuwa katikati ya makazi ya watu. Watu kadhaa walifariki, zaidi ya 200 wakajeruhiwa, na nyumba, magari na biashara vikateketea. EPRA ilieleza baadaye kwamba maombi ya kibali cha ujenzi wa kituo pale yalikuwa yameletwa mara tatu mwaka 2023 na yote yalikataliwa, sababu kubwa ikiwa ni msongamano wa watu eneo hilo.

Tunataja Embakasi si kwa kukutisha. Gesi iliyojazwa bila leseni huwa haibaki Nairobi. Inapanda pikapu, inafika Awendo, inafika Oyani, inafika duka ambalo mwenyewe pengine hajui imetoka wapi, na inauzwa bei ya chini kidogo. Unafurahia tofauti ya bei bila kujua kilichotolewa ili bei ishuke.

Kinachotolewa mara nyingi ni nafasi. Mtungi uliojazwa vizuri haujazwi mpaka juu. Karibu asilimia 20 huachwa wazi ili gesi ipate pa kupanuka joto likipanda. Mtu anayejaza kwa paipu nyuma ya nyumba, kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo, hana kipimo cha maana. Anaweza kukupunja ukapata kilo nne badala ya sita, au akazidisha mpaka nafasi ile ikaisha. Mtungi uliozidishwa ukikaa kwenye jua la saa nane mchana, na jua la huku kwetu unalijua, kimiminika kinapanuka na hakina pa kwenda.

Kanuni za gesi za mwaka 2019 zilikataza kampuni moja kujaza mtungi wa kampuni nyingine bila ridhaa ya mwenye mtungi. Kwa hivyo unaponunua, jina lililo kwenye sili ya mdomoni lifanane na jina lililo kwenye mtungi. Mtungi wa kampuni moja wenye sili ya kampuni nyingine, au wenye plastiki tu iliyochomwa kwa kiberiti ili ishike, urudishe hapo hapo. Halafu omba upimwe kwenye mizani mbele yako. Kwenye mtungi kumepigwa chapa ya uzito wake ukiwa mtupu. Toa uzito huo kwenye uzito uliosomeka, kinachobaki ndiyo gesi yako. Mtungi wa kilo 13 ambao mtupu ni kilo 14.2 unatakiwa usome karibu kilo 27.2. Hesabu hiyo unaweza kuifanya kwenye simu hiyo hiyo unayolipia. Muuzaji akisema mizani imeharibika, na wiki ijayo tena imeharibika, basi ushajua.

Sevisi ya jiko: unayoweza mwenyewe

Turudi jikoni. Sehemu kubwa ya ile tunayoita sevisi haihitaji fundi. Inahitaji sabuni, maji, sponji na dakika kumi.

Changanya sabuni ya kuoshea vyombo na maji kidogo mpaka ipate povu. Zima kila kichomeo kwenye jiko, kisha fungua vali ya mtungi ili gesi ijae kwenye paipu. Paka lile povu pale regulata inaposhika mtungi, pale paipu inapoingia kwenye regulata, pale inapoingia kwenye jiko, na kwenye paipu yenyewe toka mwanzo hadi mwisho. Subiri. Mapovu yakianza kujipuliza na kukua, hapo panavuja. Funga mtungi, na usiufungue mpaka parekebishwe. Wapo watu wanaotafuta uvujaji kwa kupitisha kiberiti kilichowashwa. Tafadhali. Hata kama babu yako alifanya hivyo akaishi miaka 90.

Kipimo hiki kifanye kila unapobadilisha mtungi. Mtungi ulioletwa na boda kutoka sokoni umeruka mashimo yote ya njiani, na kama ulikuja umelazwa nyuma ya kiti badala ya kusimamishwa na kufungwa kamba, una haki ya kuushuku.

Sasa paipu, ile ya rangi ya machungwa ambayo wengi tunayo. Ikunje kidogo kwa vidole. Ukiona nyufa ndogo ndogo, au imekuwa ngumu kama kijiti, au inanata, au panya ameionja, ibadilishe. Angalia kama imeandikwa mwaka wa kutengenezwa au muda wa mwisho wa kutumika, paipu nyingi nzuri huandikwa. Ncha zake zote mbili zifungwe kwa klipu ya chuma inayokazwa na bisibisi. Waya wa kufungia ua au mpira wa tairi si klipu. Paipu pia isipite nyuma ya jiko karibu na moto na isikanyagwe na mguu wa meza.

Regulata nayo huchakaa kwa ndani, mahali ambapo huwezi kuona. Ishara zake ni moto unaopanda na kushuka wenyewe, mlio wa "ssss" hata baada ya kuifunga, au kutoshika sawasawa mdomoni mwa mtungi. Regulata haifunguliwi ikatengenezwa. Inabadilishwa. Fundi akikwambia ataifungua "asafishe ndani", mshukuru kwa juhudi na umwambie aiache. Na kuna aina zaidi ya moja, kwa hivyo unapoenda dukani beba ile ya zamani au picha ya mdomo wa mtungi wako. Regulata isiyolingana na mtungi ndiyo iliyomletea mama yetu ile harufu ya usiku. Waliyomwekea ilikuwa imelazimishwa na mpira wake umekatika upande mmoja.

Wewe wa meko ya kilo 6

Wengi wenu Uriri mnatumia ule mtungi mdogo wa kilo 6, kichomeo kinafungwa juu yake moja kwa moja. Hapa hakuna paipu ya kuogopa, lakini kuna mambo yake.

La kwanza ni ule mpira mdogo wa duara kwenye sehemu inayofunga kichomeo kwenye mtungi. Ukipotea au ukipasuka, gesi inapita hata ukaze vipi. Kaza kwa mkono mpaka ishike vizuri. Ukikaza kwa spana kwa hasira utaharibu uzi, na mara nyingine itakuwa mbaya zaidi.

La pili ni ugali. Tunajua ugali wa watu kumi unavyosongwa, nguvu zote zinaenda kwenye mwiko. Mtungi wa kilo 6 ni mwembamba, na sufuria kubwa juu yake inaufanya uyumbe. Sufuria pana pia inarudisha joto chini, kwenye vali na mabega ya mtungi. Kwa chakula kidogo hakuna shida. Kwa nyoyo ya saa tatu, au kwa sufuria ya matanga, tafuta jiko la kusimama lenye paipu, au rudi kwenye mafiga siku hiyo. Hakuna atakayekucheka.

La tatu ni tabia ya kuulaza mtungi gesi inapokaribia kuisha, au kuuweka kwenye beseni la maji moto ili "usukume". Mtungi umetengenezwa ukae wima ili juu ipite gesi. Ukiulaza, kinachofika kwenye kichomeo kinaweza kuwa kimiminika, na moto unaruka ghafla kuelekea usoni mwako. Ile gesi ya chai moja unayojaribu kuokoa haifai kope zako.

Rangi ya moto nayo inasema mengi. Moto mzuri ni wa bluu. Ukiwa wa manjano na unaacha masizi meusi chini ya sufuria, gesi haiungui vizuri. Mara nyingi ni maharagwe yaliyofurika yakaziba matundu ya kichomeo. Kipoe, kitoe, kisugue kwa brashi, zibua matundu kwa waya mwembamba, kikauke ndipo ukirudishe. Moto usioungua vizuri hutoa kaboni monoksaidi, na hiyo haina harufu kabisa, hata ya kuongezewa. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari zaidi kwa hili. Kichwa kikianza kuuma wote mkiwa jikoni na mkipata nafuu mkitoka nje, msimeze dawa ya maumivu mkarudi ndani. Fungueni mlango.

Ukihitaji fundi kweli

Kuna kazi za fundi: jiko la kusimama ambalo vichomeo vyake havizimiki, vali za ndani zilizolegea, jiko lililounganishwa na mtungi ulio nje ya nyumba kwa bomba la chuma. Hizi usizijaribu na bisibisi ya kushonea.

Anza na duka linalouza gesi ya kampuni yako, waulize wanamtumia nani. Duka lina jina la kulinda na halihami usiku. Uliza bei kabla hajaja, na uliza kama bei hiyo ni ya kazi tu au na vifaa. Tunashauri vifaa ununue mwenyewe. Fundi akisema paipu imeisha, mwambie akuonyeshe ilipopasuka, halafu nenda dukani ununue na ulipe kwa till ya duka. Hivi unajua umepata kifaa kipya, na unabaki na SMS yenye jina la duka, tarehe na kiasi. Kama ungempa fundi pesa akanunue, SMS yako ingesema tu kwamba ulimtumia mtu fulani pesa, basi.

Malipo ya kazi yafanyike baada ya kazi, na kazi haijaisha mpaka povu la sabuni lipakwe mbele yako. Huu ndio ushauri ambao tungeuchapisha kwenye fulana kama bosi angekubali bajeti.

Akija na kusema anahitaji "kitu kidogo ya nauli" kwanza, hilo ni la kawaida huku kwetu na si kila anayeomba ni mwizi. Mtumie nauli ya boda, si nusu ya kazi.

Dakika moja kabla ya PIN

Kila unapolipa, kabla muamala haujakamilika, simu inakuonyesha jina la unayemlipa. Wengi tunalipita kama tunavyopita vigezo na masharti. Lisome kwa sauti. "Nalipa fulani bin fulani." Kama uliambiwa unalipa kampuni na jina ni la mtu, simama. Uliza. Ukiwa na aibu ya kuuliza mbele ya mgeni, sema mtandao unasumbua. Uongo huo mdogo tunaukubali.

Usimpe fundi simu yako "akusaidie kuingiza namba". Usimtajie PIN hata kama ni shemeji. Akikwambia kuna "ujumbe wa kuthibitisha" umeingia kwako na anaomba namba zilizomo, huyo hayuko kwa kazi ya gesi tena.

Na ikiwa umekosea au umedanganywa, hesabu ni ya dakika. Usimpigie kwanza uliyemtumia kumwomba arudishe, kwa sababu akiwa mbaya utakuwa umemwambia akimbie kwa wakala kutoa. Piga simu kwa huduma kwa wateja mara moja au tuma ombi la kurudishiwa ukiwa na ile SMS ya muamala, yenye namba yake ya kumbukumbu. Kama pesa bado ipo kwenye akaunti ya aliyepokea, inaweza kuzuiwa hadi suala liangaliwe. Ikishatolewa, inakuwa ngumu sana, hatutakudanganya. Pesa iliyolipwa kwa till ya duka, mara nyingi mwenye duka hushirikishwa kabla haijarudi, kwa hivyo ongea naye pia. Penye utapeli, piga ripoti polisi upewe namba ya OB, kwa sababu bila hiyo kuna hatua ambazo sisi wenyewe hatuwezi kuzichukua.

Mama wetu alipiga simu siku ya pili. Pesa ilikuwa imetolewa jioni ile ile.

Zile SMS unazofuta

Tumalizie na kitu ambacho hata sisi hapa ofisini hatukukiwaza mpaka alipokitaja mfanyakazi mwenzetu ambaye mama yake ana jiko la paipu Kanyamkago. Watu wengi hawakumbuki walinunua regulata lini. "Si ni juzi tu?" Juzi ni miaka sita iliyopita. Lakini kama ulilipa kwa simu, tarehe ipo. Tafuta kwenye SMS zako jina la duka, au omba taarifa ya akaunti yako ya mwaka huo. Ukipata, andika tarehe hiyo kwa kalamu nzito kwenye kipande cha plasta, ukibandike kwenye regulata yenyewe.

Pia unaweza kuona mtungi wako unakaa siku ngapi. Kama kwa kawaida unalipia gesi kila baada ya wiki tano, na mara mbili mfululizo umelipia baada ya wiki tatu, ama wageni wameongezeka, ama unapunjwa kwenye uzito, ama gesi inatoka mahali usipoona. Toa sabuni.

Mama wa Uriri hakurudishiwa ile 1,500. Alinunua regulata nyingine Awendo, akailipia kwa till, akasoma jina kabla ya PIN, akapaka povu mwenyewe. Alitupigia kutuambia hakuna povu lililokua. Kisha akauliza kama tunaweza kumpigia jirani yake pia, wa nyumba ya tatu, kwa sababu wale vijana walipitia huko na yeye anasema harufu ameizoea. Tulipiga simu hiyo saa ile ile. Mtungi umetolewa nje, umewekwa kivulini, vali imefungwa.

Kama na wewe umetembelewa na "wakaguzi" eneo la Uriri, Awendo au Rongo, tupigie ukiwa na SMS ya muamala mkononi. Na kama waligusa regulata yako, funga mtungi kwanza ndipo upige.